Barracoon Si Kitabu cha Meli

Muulize msee yeyote aliyesikia kuhusu Barracoon ya Zora Neale Hurston, atakuambia ni kitabu cha ile meli ya mwisho ya watumwa Marekani. Simlaumu, kwa sababu ndivyo kilivyouzwa. Kichwa chake cha pili kinataja shehena ya mwisho ya watu weusi, na barracoon ni lile zizi la ufukweni ambamo watu walifungiwa wakisubiri kuuzwa. Kilichapishwa Mei 2018. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2019, Tume ya Historia ya jimbo la Alabama ikatangaza kwamba mabaki ya meli yenyewe, Clotilda, yametambuliwa kwenye tope la mto karibu na mji wa Mobile. Kuanzia hapo stori ikawa meli, meli, meli.

Lakini hebu hesabu sura. Kitabu kina sura 12. Utumwa wenyewe umepewa sura moja, tena fupi. Bahari inapita haraka. Kinachobaki, yaani karibu kitabu kizima, ni miji miwili: ule aliozaliwa Kossola, huku ambako leo ni Benin, na ule ambao yeye na wenzake waliujenga kwa mikono yao Alabama wakauita African Town, ambao siku hizi unaitwa Africatown. Nimekisoma mara tatu na kila mara nimefika mahali pale pale: hiki ni kitabu cha historia ya mtaa. Ukikisoma hivyo unaona uzuri wake ulipo, na unaona pia makosa yake ambayo wasifiaji wake huyapita wakitazama pembeni.

Mambo ya msingi kwanza, kwa ambaye hajakishika. Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia 1808. Mwaka 1860, zaidi ya miaka 50 baadaye, tajiri mmoja wa Mobile aitwaye Timothy Meaher akafadhili safari ya magendo. Nahodha William Foster akaenda Ouidah, bandari ya ufalme wa Dahomey, akanunua watu, na Julai mwaka huo akarudi na watu 110 hivi. Wakawashusha usiku, kisha meli ikachomwa moto ili kuficha ushahidi. Kesi ilifunguliwa lakini haikufika popote. Hakuna aliyelala ndani kwa ajili ya watu hao 110. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka kama 19, Oluale Kossola, aliyetekwa baada ya jeshi la Dahomey kuvamia mji wao alfajiri. Mzungu aliyemchukua alishindwa kulitamka jina lake, wakaafikiana Cudjo. Karatasi za serikali zinamwita Cudjo Lewis.

Alikuwa mtumwa kwa miaka mitano na kitu. Aprili 1865 wanajeshi wa upande wa Kaskazini wakawaambia wako huru. Alikufa 1935. Sasa piga hesabu: miaka 19 katika mji wa kwanza, mitano na ushei utumwani, 70 mtaani kwake Alabama. Halafu tunamkumbuka kwa wiki sita na siku chache za baharini.

Sura ninazompa mtu anayetaka kujua kitabu hiki kinaweza nini ni zile zinazoanzia pale uhuru unapofika. Hakuna shangwe ndefu. Kuna swali la kawaida kabisa ambalo mtu yeyote aliyewahi kufungiwa nyumba na mwenye ploti analijua: leo tutalala wapi? Hawana nyumba, kwa sababu nyumba zote ni za Meaher. Wazo lao la kwanza ni kurudi kwao. Wanaume wanafanya kazi kwenye viwanda vya mbao, wanawake wanauza mazao ya bustani, kila mtu anabana matumizi, na bado nauli inabaki ndoto. Ndipo wanaamua kwamba kama Afrika haifikiki, wataijenga hapo walipo. Kossola anatumwa kama msemaji kumwomba Meaher kipande cha ardhi. Hoja anayoipeleka ni rahisi: kwetu tulikuwa na ardhi, wewe ndiye uliyetutoa huko, na tumekufanyia kazi miaka yote hii bila senti. Meaher anaruka kwa hasira. Wao wanarudi nyumbani na kuanza upya kuweka akiba, kama chama, hadi wananunua. Kossola mwenyewe alinunua shamba lake la ekari mbili hivi mwaka 1872 kwa dola 100.

Hapo ndipo kitabu kinakuwa kitamu. Watu hawa wanahitaji kiongozi, na wanamchagua Gumpa, mtu wa nasaba kubwa kutoka Dahomey, yaani ufalme ule ule uliowateka na kuwauza. Hebu fikiria mjadala huo barazani. Hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba yeye binafsi hakuwakosea kitu. Kosa lilikuwa la mfalme wake. Wakateua pia waamuzi wawili wa kusikiliza kesi zao wenyewe: wizi, ulevi, ugomvi. Wakajenga kanisa lao mwaka 1872, kwa sababu waliochoka kuchekwa kanisani kwa wengine hawana dawa nyingine. Wakajenga shule, wakaitaka kaunti iwaletee mwalimu. Na walipozaa, kila mtoto akapewa majina mawili: moja la kwao, na lingine ambalo nchi ile mpya ingeweza kulitamka bila kuuma ulimi.

Haya yote yanasimuliwa kwa maneno machache, bila fanfare, na ndiyo maana wasomaji wengi wanayapita mbio wakielekea kwenye machozi. Lakini hii ni katiba ya mtaa mzima. Imeandikwa kutoka kinywani mwa mmoja wa waliokuwepo siku ya kwanza, na hilo ni jambo adimu kwa mji wowote ule.

Sasa tuje kwa Hurston, kwa sababu heshima anayopewa imetufanya tunyamazie mambo.

Hakuwa wa kwanza kufika pale. Mwaka 1914 mwanamke mzungu wa Mobile, Emma Langdon Roche, alichapisha Historic Sketches of the South, akitumia maelezo ya waliokuwa bado hai. Mwaka 1927 Hurston, aliyekuwa akisomea anthropolojia chini ya Franz Boas, alitumwa kuzungumza na Kossola, na Oktoba mwaka huo makala yake ikatoka katika jarida la historia la Carter G. Woodson. Ilichukua hadi 1972 kwa mwanaisimu William Stewart kugundua kwamba sehemu kubwa ya makala hiyo ilinakiliwa kutoka kwa Roche bila kumtaja inavyopaswa. Robert Hemenway, mwandishi wa wasifu wa Hurston uliotoka 1977, alizikagua aya 67 za makala hiyo na kukuta 18 tu ambazo ni zake peke yake.

Wapenzi wa Hurston huwa na visingizio: alikuwa mgeni wa kazi, alishinikizwa, Kossola hakufunguka. Mimi naona tuache visingizio, tuweke maandishi mawili mezani. Makala ya 1927 inaonyesha mtaa unavyoonekana ukiandikwa kutoka kitabuni. Kila kitu kimenyooka, kila tarehe iko mahali pake, na hakuna mtu anayekohoa. Baadaye Hurston alirudi, safari hii akidhaminiwa na tajiri wa New York, Charlotte Osgood Mason, na akakaa. Barracoon ndiyo matunda ya kukaa huko.

Kukaa kwenyewe ni nusu ya kitabu. Anafika na matikiti maji, nyama ya nguruwe, dawa ya kuua wadudu. Wakati mwingine wanakula tu na kuagana bila hata swali moja. Kuna siku wanakwenda kutafuta kaa. Kuna siku mzee anatengeneza ua la bustani yake na hataki kuzungumza na mtu, anamwambia arudi siku nyingine. Na kuna ile siku ambayo kila anayefanya mahojiano angepaswa kuibandika ukutani: Hurston anataka stori ya Kossola, Kossola anaanza na babu yake. Hurston anajaribu kumharakisha. Mzee anamtazama kwa dharau na kumfahamisha kwamba kwao mtoto hasimuliwi kabla ya baba, wala baba kabla ya babu. Hurston anafunga mdomo. Na ameuacha ukurasa huo ndani ya kitabu, akionekana amekaripiwa, wakati angeweza kuufuta na kujitokeza kama mtaalamu.

Somo la ufundi hapo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtafiti mwenye haraka angepata tarehe ya meli na kuondoka. Kwa kumfuata mzee, Hurston alipata sheria za mji wa Bantè jinsi kijana alivyozikumbuka: mwuaji anavyoadhibiwa, vijana wanavyofunzwa. Ukifika kwenye sura za Alabama unashtuka kwamba waamuzi wawili wa African Town hawakuanguka kutoka mbinguni. Umeshawaona, kurasa nyingi nyuma, katika mji mwingine. Hakuna sehemu ambapo Hurston anakuelezea uhusiano huo. Mpangilio wa mzee ndio unaoueleza.

Halafu kuna suala la lugha, na hapa nina kisa changu. Mhariri mmoja, simtaji, aliwahi kunirudishia hadithi akisema ni nzuri ila mama mboga ndani yake azungumze Kiswahili sanifu. Nilimjibu kwamba mama mboga huyo akisema "naomba uniongezee bei kidogo" wateja wake watadhani amechanganyikiwa. Hadithi haikuchapishwa. Kwa hiyo ninaposoma kwamba mwaka 1931 shirika la Viking lilikuwa tayari kukitazama kitabu hiki iwapo tu kitaandikwa kwa lugha badala ya lahaja, najua hasa uzito wa sentensi hiyo. Yaani alivyozungumza Kossola haikuwa lugha. Hurston alikataa. Mswada ukakaa, mwishowe ukahifadhiwa Chuo Kikuu cha Howard, na watafiti wachache wakawa wanaupitia. Hurston alikufa 1960 bila kukiona kitabu chake. Kilipotoka, kikihaririwa na Deborah G. Plant, zilikuwa zimepita miaka 87.

Hiyo ni gharama kubwa ya kutetea matamshi ya mtu mmoja. Je, ilistahili? Mimi nasema ndiyo, lakini si kwa ile sababu inayotajwa kila mara, ya kwamba lahaja inaleta uhalisi. Kiingereza cha Kossola kina historia yake: alikiokota akiwa mtumwa, akakichapa kwa midundo ya Kiyoruba, akakitumia miaka 60 na zaidi mtaani miongoni mwa watu waliofanya vivyo hivyo. Lugha hiyo ndiyo jengo la kwanza la African Town, kabla ya kanisa na shule. Kuisafisha ingekuwa sawa na kwenda kupiga picha mtaa halafu ukafuta vibanda.

Bado nina malalamiko. Hurston akizungumza mwenyewe ndani ya kitabu, anaandika Kiingereza safi cha chuo. Kossola peke yake ndiye anayeandikwa kwa tahajia ya kuvunjika. Yeye Hurston alikulia Eatonville, Florida, mji wa watu weusi, na alijua kuzungumza kama watu wa kwao. Kwenye ukurasa lakini, mmoja amevaa suti na mwingine ameachwa na shati la kazi. Msomaji wa Nairobi anaweza kuhangaika kurasa 10 za kwanza akidhani mzee huyu hana akili ya haraka, hadi atakapojaribu kusoma kwa sauti. Fanya hivyo, tafadhali. Ukisoma kwa sauti, yale makosa ya tahajia yanayeyuka na unabaki na msimuliaji hatari, anayejua wapi pa kunyamaza.

Nguvu na udhaifu wa kitabu vinakutana katika sura inayohusu jinsi Kossola alivyojifunza sheria. Mwaka 1902 treni iligonga mkokoteni wake na kumwumiza kiasi kwamba hakuweza tena kufanya kazi nzito. Akapata wakili, akaishtaki kampuni ya reli, na baraza la mahakama likamwamulia dola 650. Kwa simulizi yake mwenyewe, hela hizo hakuwahi kuziona. Alimtuma mwanawe kwa wakili, mambo yakaingiliana, homa ya manjano ikaja, wakili akafa, na mzee akabaki akijiuliza nani alikula pesa zake. Ndani ya kipindi hicho hicho watoto wake wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Binti alikuwa amefariki tayari, akiwa na miaka 15. Mwana mmoja anapigwa risasi na naibu wa sherifu. Mwingine anauawa na treni. Mwingine anatoka kwenda kuvua samaki na harudi. Mwaka 1908 mkewe anafariki, na wiki chache baadaye mwana wa mwisho.

Mwaka 2007 mwanahistoria Sylviane Diouf alichapisha Dreams of Africa in Alabama, utafiti kamili zaidi kuhusu mtaa huu. Alikwenda kwenye kumbukumbu za mahakama na kukuta kwamba Mahakama Kuu ya Alabama ilikuwa imetengua uamuzi ule wa dola 650. Kwa hiyo hakukuwa na mwizi wa pesa, kwa maana ya mtu mmoja aliyeziweka mfukoni. Kulikuwa na karatasi moja yenye muhuri ambayo kwa mujibu wa simulizi ya mzee haikuwahi kufika mikononi mwake.

Soma Hurston peke yake na utabaki na fumbo. Ukichukua faili la kesi peke yake, utapata mstari mmoja wa kisheria kuhusu mlalamikaji fulani Lewis. Ukiviweka pamoja unapata historia ya mtaa kweli: uamuzi unatolewa mjini Montgomery, na huko African Town mzee anakaa barazani miaka 25 akingoja jibu. Ndiyo sababu ninawakwepa wale wanaosema masimulizi ya mdomo yanatosha, na wale wanaosema bila nyaraka hakuna historia. Diouf alienda mbali kwa sababu Hurston alikaa. Naye Hurston angemsaidia mzee sana kama angetembelea mahakama asubuhi moja tu.

Kosa kubwa zaidi la Hurston, kwa maoni yangu, ni lile linalowahusu wanawake. Mke wa Kossola, Abile, alikuja kwenye meli ile ile, akaishi naye miaka mingi, akazaa watoto sita na kuzika wengi wao. Hurston alifika takriban miaka 20 baada ya kifo chake, kwa hiyo sauti yake isingepatikana tena. Hilo naelewa. Lakini Julai 1928, katika barua kwa mshairi Langston Hughes, Hurston alimwambia kwamba amempata mwokozi mwingine wa Clotilda, mwanamke, mkubwa kwa umri kuliko Kossola na mzungumzaji bora kuliko yeye. Akamwomba iwe siri yao. Na ikabaki siri! Mwanamke huyo hakupewa kitabu. Mwaka 2019 mtafiti Hannah Durkin alimtambua kuwa Redoshi, aliyeishi hadi baada ya kifo cha Kossola. Mwaka uliofuata Durkin akamwandika Matilda McCrear, aliyefariki 1940, ambaye aliletwa na meli hiyo akiwa mtoto mdogo.

Hii inabomoa ile sifa ya "wa mwisho" ambayo kitabu kinaibeba kwenye jalada. Inafichua pia kitu kuhusu namna tunavyopenda historia zetu: mzee mmoja, sauti moja, picha moja. Mtaa hauna sauti moja. Si watu wote 110 waliofika African Town. Wengine waliuzwa mbali kwenye mashamba ya ndani na hawakurudi kwa wenzao. Redoshi aliishi huko ndani. Kitabu ambacho kingeweka simulizi yake kando ya ile ya Kossola kingetuonyesha mtaa huo kwa macho ya aliyenyimwa. Hurston alikuwa na nafasi hiyo mkononi. Inauma.

Na hii ndiyo sababu ubishi wangu kuhusu meli na mtaa hauishii kwenye fasihi. Mwaka 2022 ilitoka filamu ya Descendant, iliyoongozwa na Margaret Brown, ambayo iko Netflix. Uamuzi wake mzuri kuliko yote ni kuwakalisha wakazi wa Africatown na kuwapa Barracoon waisome kwa sauti. Ghafla ile tahajia iliyomtisha mchapishaji wa 1931 inatoka kinywani mwa watu ambao ni yao, na haihitaji kusafishwa na mtu. Nikiwa mhakiki, hiyo ndiyo tafsiri bora ya kitabu hiki niliyokutana nayo.

Filamu hiyo pia inaonyesha kilichoupata mtaa wakati dunia ikisubiri meli. Sehemu ya ardhi inayouzunguka ilibaki mikononi mwa ukoo wa Meaher kwa vizazi na ikakodishwa kwa viwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1920, yaani wakati ule ule Hurston anakula matikiti maji barazani, kiwanda kikubwa cha karatasi kilikuwa kinaanza maisha yake pale. Kiliendelea hadi 2000. Wakazi wanasimulia majivu yaliyotua juu ya nguo walizoanika na saratani zilizobisha hodi nyumba kwa nyumba, na walikwenda mahakamani kuhusu uchafuzi huo. Barabara kuu na daraja vikapita katikati. Mji uliokuwa na watu wapatao 12,000 katika karne ya 20 sasa una takriban 2,000. Upande wa pili wa ghuba kuna hifadhi ya jimbo yenye jina la Meaher, unaweza kwenda kupiga kambi.

Kwa miaka hiyo yote watu wa Africatown walikuwa wakisema: sisi tuliletwa na meli, na meli iliunguzwa pale mtoni. Waliwaambia watoto wao. Wageni wengi waliichukulia kuwa hekaya ya mtaa. Ilipopatikana mbao na misumari, ndipo mamilioni ya dunia yakaamini, na ndipo makumbusho madogo, Africatown Heritage House, yakafunguliwa Julai 2023. Nafurahi yapo. Lakini utaratibu huo unanikera: neno la watu halikuwa ushahidi mpaka ubao uliooza uliposema amina. Na hatari bado ipo. Meli inaleta watalii na kamera. Mtaa unahitaji mambo ya kuchosha, kama kanuni za matumizi ya ardhi, nyumba za bei nafuu, na duka la chakula. Ukisoma Barracoon kama kitabu cha meli, utaridhika kwamba meli imepatikana na stori imekwisha. Ukikisoma kama kitabu cha mtaa utauliza walionunua ardhi yao kwa dola 100 bado wanayo.

Kwa hivyo kinunue, kiazime, kipate unavyojua. Ni kifupi, utakimaliza kwa safari mbili za matatu kwenye foleni ya Thika Road. Ukitaka ushauri, anza na sura za uhuru na ndoa, kisha rudi mwanzo. Baadaye tafuta Diouf, kwa sababu Hurston peke yake anakuacha na nusu.

Na usiruke ile sehemu ya picha. Hurston anaomba kumpiga picha. Mzee anaingia ndani, anavaa suti yake bora kabisa, lakini anatoka peku: anataka aonekane kama yuko Afrika, kwa sababu huko ndiko anakotaka kuwa. Halafu anachagua mwenyewe mahali pa kusimama, makaburini, katikati ya mkewe na watoto wake. Mto ulikuwa karibu. Hakuomba kupigwa picha mtoni.